Hata Aliyejiajiri Ana Tajiri Wake

Machi 2025 Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA, ilieleza kuwa nafasi zake 1,596 za kazi zimeombwa na watu 135,027. Ukigawanya, ni takriban watu 85 kwa kila kiti. Habari ilipoenea, maelezo yake yalikuwa tayari midomoni mwa watu: vijana wetu wameharibiwa na shule, wanaitukuza ajira, wanaogopa kuthubutu, nauli ya kwenda kwenye usaili ingewatosha kuanza kuuza matunda. Nimeyasikia maneno hayo redioni, kwenye makundi ya WhatsApp, hata msibani. Na watu haohao, wiki nyingine, husimulia kwa furaha habari za fulani aliyeacha kazi benki akafungua banda la kuku, kama ushahidi kwamba kizazi hiki hakitaki tena kutumwa na mtu. Mara kijana anaipenda ajira kupita kiasi, mara anaichukia kupita kiasi. Maelezo yote mawili yanakosea mahali pamoja, na kosa hilo limekuwa likituongozea sera, semina na malezi kwa miaka mingi.

Ninavyoona mimi, kuridhika na kazi hakuamuliwi hasa na kuwa umeajiriwa au umejiajiri. Kunaamuliwa na namna unavyoongozwa: nani ana mamlaka juu ya siku yako, mamlaka hayo yanakwenda kwa utaratibu unaoujua au kwa namna mtu alivyoamka, na wewe umeachiwa kuamua nini. Mambo hayo matatu yapo ofisini, na yapo vilevile kijiweni, sokoni na kwenye fremu. Aliyejiajiri hajatoka chini ya uongozi. Amebadilisha viongozi, na mara nyingi amewaongeza. Wakiwa wazuri, biashara ndogo inampa mtu raha ambayo mshahara haujawahi kumpa. Wakiwa wabaya, atasimama kwenye foleni ya TRA pamoja na wengine 84, na hatakuwa mvivu wala mwoga kwa kufanya hivyo.

Tuanze na kitu ambacho wahamasishaji hukisahau. Shirika la Kazi Duniani, ILO, lilikadiria mwaka 2018 kwamba asilimia 85.8 ya ajira zote barani Afrika ziko nje ya mfumo rasmi. Maana yake ni kwamba kijana wa kawaida wa Tandika, Mabatini au Mbagala hahitaji kuhubiriwa habari za kujiajiri kana kwamba ni nchi ya mbali. Amezaliwa humo. Mama yake anakaanga vitumbua alfajiri, mjomba wake ni fundi seremala, kaka yake anaendesha bajaji. Ameona mtaji ukiliwa na ugonjwa wa wiki moja. Ameona meza ya mama yake ikibebwa na mgambo na mama akirudi nyumbani kimya. Tunapomwambia aache woga, tunadhani anaogopa asichokijua, kumbe anakwepa anachokijua vizuri kuliko sisi tunaomhubiria tukiwa na mshahara wa mwisho wa mwezi.

Nchi hii iliwahi kulizungumza jambo hili kwa uwazi kuliko tunavyolizungumza leo. Mwaka 1971 TANU, chama tawala cha wakati ule, ilitoa Mwongozo, na ibara yake ya 15 ilimkataza kiongozi majivuno, dharau na uonevu kwa anaowaongoza. Ilikuwa hati ya chama, lakini wafanyakazi viwandani waliishika kama ngao yao. Miaka miwili iliyofuata ilijaa migomo, na wachambuzi wa kipindi kile, Issa Shivji akiwa mmoja wao, wameonyesha kwamba sehemu kubwa ya madai haikuhusu mishahara. Yalihusu matusi, upendeleo, mameneja waliomtendea mtu mzima kama mtoto. Mwaka 1973, katika kiwanda cha mpira cha Mount Carmel jijini Dar es Salaam, wafanyakazi waliufungia uongozi nje, kisha wakaendelea kuzalisha wao wenyewe. Ninairudia sehemu hiyo ya pili kila ninapofundisha, kwa sababu wengi huipita haraka. Watu wale hawakuichoka kazi. Mashine zilikuwa zilezile, joto lilikuwa lilelile, jasho lilelile. Walichokiondoa ni kitu kimoja tu, yaani namna walivyokuwa wakiongozwa, na mikono yao ikarudi kazini yenyewe.

Mimi mwenyewe nimekaa miaka minne kwenye meza moja, katika taasisi moja, chini ya wakuu wawili wa idara. Wa kwanza alikuwa mtu wa kuita na kufokea. Likizo ulijua umepata siku moja kabla, na faili lililokwama mezani kwake miezi miwili likigeuka tatizo, mwenye kosa alikuwa wewe. Wa pili tulimwita Mama, tukimaanisha hasa. Jumatatu asubuhi alitukalisha dakika ishirini, akasema yapi ataamua yeye na yapi tuamue sisi, na tukikosea alipanda ghorofa ya juu kusema kosa ni la idara yake. Mshahara haukubadilika hata senti. Mwaka wa kwanza nilikuwa naandika mpango wa kufungua duka la vifaa vya ujenzi. Mwaka wa tatu ule mpango sikuukumbuka hata uliko. Ningeacha kazi katika kipindi cha kwanza, watu wangesema nina moyo wa ujasiriamali, kumbe nilikuwa nakimbia.

Kinachonipa ujasiri wa kuliweka hili kama hoja, si kisa cha mtu mmoja, ni tafiti zilizofanywa mahali ambapo mwajiri ni mmoja na ngazi ni nyingi. Uingereza, watafiti wakiongozwa na Michael Marmot waliwafuatilia watumishi wa Serikali zaidi ya 10,000 kuanzia mwaka 1985. Wote walikuwa na ajira ya kudumu, wote walikuwa na pensheni. Hata hivyo waliokuwa na uwezo mdogo wa kuamua juu ya kazi yao wenyewe ndio waliokuwa kwenye hatari kubwa zaidi ya ugonjwa wa moyo. Kuachiwa kuamua au kunyimwa nafasi hiyo kunafika mpaka mwilini. Na hiyo nafasi, ofisini, haitolewi na sheria wala na barua ya ajira. Anaitoa mkuu wa idara, au anainyima.

Sasa nizitendee haki hoja za wanaoutetea ujasiriamali, maana hoja yao bora ina nguvu kuliko wanavyoiwasilisha majukwaani. Wachumi Matthias Benz na Bruno Frey walichunguza takwimu za Ujerumani, Uingereza na Uswisi, wakakuta waliojiajiri wanaridhika na kazi zao kuliko walioajiriwa, hata unapolinganisha watu wenye kipato na saa za kazi zinazofanana. Naye Barton Hamilton, akitumia takwimu za Marekani, alionyesha mwaka 2000 kwamba mjasiriamali wa katikati, yaani anayeangukia katikati ukiwapanga wote kwa kipato, baada ya miaka 10 kwenye biashara yake, alikuwa anapata asilimia 35 pungufu ya ambacho angepata kwa kuajiriwa muda huohuo. Ziweke pamoja tafiti hizo na utaona jambo zito: watu wanakubali kupoteza zaidi ya theluthi ya kipato na bado wanabaki kwenye biashara zao. Kuna kitu wanakinunua kwa fedha hiyo. Benz na Frey wanasema ni kule kutokuwa chini ya amri ya mtu, na wanaongeza ushahidi ambao wahamasishaji wetu hawautaji kamwe. Hata miongoni mwa walioajiriwa, wa kampuni ndogo, zenye ngazi chache za wakubwa, walikuwa wanaridhika kuliko wa kampuni kubwa. Kumbe raha haikuwa ndani ya biashara. Ilikuwa katika umbali kati ya mtu na amri asiyoweza kuijibu.

Upande wa ajira nao una hoja ya haki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi wa Tanzania kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki, likizo ya siku 28 kwa mwaka, siku 84 za uzazi kwa mama, na mahali pa kulalamika, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, akiachishwa kazi isivyo haki. Hebu zisome haki hizo kwa jicho la uongozi. Zote zinafanya jambo moja: zinamfunga mikono bosi. Zinamwambia kuna siku huwezi kumwita, kuna saa huwezi kumzuia, na ukimfukuza utaeleza kwa nini mbele ya mtu mwingine. Hapo ndipo ninapoisoma foleni ya TRA kwa namna yangu. Kijana anayeomba kazi kule anaomba kuongozwa na mtu ambaye naye anaongozwa. Ameshaongozwa na wasio na wa kuwauliza, na amechoka.

Hoja dhaifu kuliko zote katika mjadala huu, na ndiyo inayopigiwa makofi zaidi, ni ile inayosema ukijiajiri huna bosi. Nenda kijiwe chochote cha bodaboda ukaulize pikipiki ni za nani. Wengi watakuambia ni za tajiri. Neno lenyewe linajieleza: mwenye chombo anaitwa tajiri, iwe ni daladala, bajaji au pikipiki, hata kama ni mwalimu wa shule ya msingi aliyekopa kuinunua. Dereva anapeleka hesabu kila jioni, yaani kiasi alichopangiwa na tajiri, na kinachobaki baada ya mafuta na hesabu ndicho chake. Njia nyingine inaitwa mkataba: unalipa kiasi fulani kila siku, aghalabu kama shilingi 10,000, kwa takriban mwaka mzima, na mwisho pikipiki inakuwa yako. Kwa maneno ni mpango mzuri mno, na wapo waliotoka nao. Lakini mikataba mingi ni ya mdomo au ya karatasi moja aliyobaki nayo tajiri. Dereva akivunjika mguu mwezi wa tisa, au pikipiki ikikamatwa ikakaa kituoni wiki mbili, hesabu inaendelea kuhesabika. Tajiri akitaka kuichukua, anaichukua, na miezi tisa ya jasho inabaki kuwa hadithi. Kijana mmoja ninayepanda naye mara kwa mara aliniambia, “Kaka, bora bosi wa ofisini, angalau ningejua natoka saa ngapi.” Kwenye takwimu huyo ni mjasiriamali. Kwa maisha yake ni mwajiriwa asiye na saa 45, asiye na siku 28, asiye na Tume ya kwenda.

Na tajiri si mmoja. Mwenye duka dogo ana mwenye fremu anayetaka kodi ya miezi sita au mwaka mkononi, na anayeweza kuipandisha mara tu akiona wateja wameanza kuzoea mahali. Ana msambazaji anayemkopesha mzigo kwa masharti yake. Ana afisa biashara wa halmashauri, mtu wa zimamoto, mtu wa vipimo, mtu wa ushuru wa taka. Kila mmoja wao anaweza kumfungia siku. Haya ndiyo mamlaka juu ya siku yake, na swali lilelile la ofisini linarudi: yanakwenda kwa utaratibu anaoujua, au kwa namna mtu alivyoamka? Nimeona wafanyabiashara wanaolipa kila wanachodaiwa na bado hawalali vizuri, kwa sababu hawajui kesho atakuja nani na atasema nini. Kiasi wanachodaiwa wangekizoea. Kubahatisha hakuzoeleki.

Ushahidi wa wazi tuliupata Mei 2023, maduka ya Kariakoo yalipofungwa kwa siku kadhaa na Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akaketi na wafanyabiashara Mnazi Mmoja. Aliyesikiliza mkutano ule kwa makini alisikia kodi ikitajwa, ndiyo. Lakini maneno yaliyosemwa kwa uchungu zaidi yalihusu kikosi kazi cha TRA, kamatakamata ya wateja wakiwa na mizigo mtaani, usajili wa stoo, na watu wazima kusemeshwa kama wezi mbele ya wateja wao. Juni 2024 maduka yalifungwa tena. Weka malalamiko hayo kando ya yale ya viwandani ya 1971 hadi 1973. Kariakoo palisimama watu wenye mitaji, wengine mamilioni mengi, wenye uhuru wote tunaouimba kwenye semina. Kiwandani walisimama vibarua. Kilio kilikuwa kimoja: tunaongozwa kwa dharau, na hatujui kesho tutaamrishwa nini.

Serikali yenyewe imewahi kuonja matunda ya njia nyingine. Desemba 2018 Rais John Magufuli alianzisha vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000, kwa wale ambao mauzo yao hayazidi milioni 4 kwa mwaka. Mengi yanaweza kusemwa kuhusu utaratibu ule, na waliobanwa kufikia idadi ya vitambulisho vya kuuza wanayo yao ya kusema. Lakini mama ntilie aliyekivaa shingoni alipata kitu ambacho mikopo haijawahi kumpa: jibu la mara moja kwa mgambo. Alijua amelipa nini, kwa mwaka gani, na hakupaswa kubembeleza. Ulikuwa uongozi uliotabirika, walau kwa muda, hadi wimbi la kuwapanga upya wamachinga mwaka 2021 lilipomrudisha kwenye kuuliza tena.

Kuna utafiti mmoja wa jirani zetu ambao unapaswa kujadiliwa kila panapozungumzwa habari hizi. Christopher Blattman na Stefan Dercon waliwachukua karibu waombaji kazi 1,000 wa kampuni tano nchini Ethiopia na kuwagawa kwa bahati nasibu. Kundi moja lilipewa kazi kiwandani, jingine lilipewa dola 300 na mafunzo mafupi ya biashara, la tatu halikupewa kitu. Theluthi moja ya waliopata kazi waliacha ndani ya mwezi wa kwanza, na hadi mwaka unakwisha asilimia 77 walikuwa wameshaondoka. Malipo hayakuzidi ambayo wangepata mtaani, na matatizo ya afya yaliongezeka. Waliopewa mtaji, baada ya mwaka mmoja, kipato chao kilikuwa juu kwa theluthi. Hapo wahamasishaji husimama na kushangilia. Lakini watafiti walirudi baada ya miaka mitano, wakakuta tofauti kati ya makundi yale imekaribia kwisha kabisa. Kazi yenye mazingira mabaya haikumshika mtu, na mtaji peke yake haukumpeleka mbali. Sisi tunabishana ni lipi kati ya hayo mawili tuwape vijana, ilhali ushahidi unatuambia tutazame kinachomzunguka mtu akishalipata mojawapo.

Nitapingwa hapa, na kipingamizi kikubwa ninakiheshimu. Mtu ataniambia: ndugu, mshahara ndio kila kitu, bosi mwenye tabasamu halipi ada ya shule. Ni kweli, na ningekuwa mwongo nikisema uongozi mzuri unaziba pengo la njaa. Rais Samia Suluhu Hassan alipotangaza Mei Mosi 2025 kule Singida kwamba kima cha chini kwa watumishi wa umma kinapanda kwa asilimia 35.1, kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000, shangwe ile ilikuwa ya haki. Mama wa idara yetu, kwa wema wake wote, asingeweza kumbakiza mtu aliyelipwa kisichotosha nauli. Lakini nyongeza ikishaingia mfukoni na bei za sokoni kuifikia, kinachobaki siku 22 za kazi katika kila mwezi ni yule anayekupangia hizo siku. Fedha inaamua kama utaikubali kazi. Namna ya kuongozwa inaamua kama Jumapili jioni tumbo litakukata ukiifikiria Jumatatu. Tumezoea kulijadili la kwanza Mei Mosi, na la pili tunawaachia wake na waume wa wafanyakazi walisikilize nyumbani.

Lipo jambo jingine ambalo linaniumiza zaidi, na watetezi wa ujasiriamali hawalitaji kabisa: anayefanikiwa huwa bosi. Biashara ikikua, lazima aajiri msichana wa dukani, kijana wa mzigo, mhasibu wa nusu siku. Na kwa kuwa aliondoka kwenye ajira akiikimbia amri mbaya, mara nyingi amri hiyo ndiyo pekee aliyoiona ikifanya kazi. Anaibeba. Binti wa dukani anafungua saa moja asubuhi, anafunga saa tatu usiku, hana maelezo ya maandishi ya kazi yake ingawa sheria inayataka, na kitu kikipungua kwenye hesabu kinakatwa kwenye mshahara wake bila kuulizwa. Mwenye duka si mtu katili. Hajawahi kuona mtu akiongoza vingine, na hakuna semina ya ujasiriamali niliyohudhuria iliyotenga hata saa moja kumfundisha namna ya kumwongoza mwenzake. Wanafundishwa kuandika mchanganuo wa biashara, kutafuta masoko, kutunza kumbukumbu. Kuishi na mtu anayekutegemea kwa mshahara kunachukuliwa kama kitu ambacho kila mtu anakijua.

Na hapa nina ugomvi na wanaosema uongozi ni kipaji, mtu huzaliwa nao. Tazama kikoba, kile kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo tatu zinashikwa na wanachama watatu tofauti, hakuna mmoja anayeweza kulifungua peke yake. Fedha zinahesabiwa mbele ya wote. Faini ya kuchelewa inajulikana kabla mtu hajachelewa. Mwenyekiti anachaguliwa, na mzunguko ukiisha anaweza kupumzishwa. Akinamama waliouchukua na kuutunza utaratibu huu mitaani kwetu hawakusubiri kumpata mwenyekiti mwenye karama. Walitengeneza mahali ambapo mwenyekiti wa kawaida, mwenye hasira zake na shida zake, anashindwa kuwa mbaya sana. Ndiyo maana vikoba vingi vinadumu na kuwapa watu raha ya kweli, huku vikundi vingi vilivyoundwa haraka kwa ajili ya mkopo wa halmashauri vikisambaratika. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa wenye ulemavu, ilisimamishwa mwaka 2023 baada ya ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu kuonyesha mikopo isiyorejeshwa na vikundi visivyokuwepo, ikarudi mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Fedha haikuwa tatizo la kwanza. Vikundi vile vilikuwa na ufunguo mmoja.

Tukiyafuata haya mpaka mwisho, yanabadilisha mambo kadhaa tunayoyafanya sasa. Katika utumishi wa umma tulikuwa na OPRAS tangu mwaka 2004, mfumo uliopaswa kumkalisha mkuu na anayemwongoza wakubaliane malengo mwanzoni mwa mwaka. Kwa wengi uligeuka fomu ya kujazwa haraka Juni inapofika. Sasa upo PEPMIS, wa kidijitali, na ninaogopa tutahamishia fomu ileile kwenye kompyuta. Kinachopimwa bado ni mtumishi. Sijaona mahali ambapo aliye chini anaulizwa, kwa siri na kwa uzito wenye matokeo, kama mkuu wake anamsikiliza, kama likizo zinajulikana mapema, kama kosa la juu linashushwa chini. Tunampandisha mhasibu bora kuwa mkuu wa wahasibu siku moja baada ya kumpongeza kwa hesabu zake, kana kwamba kuzijua hesabu na kuwajua watu ni somo moja. Kisha tunamwacha akikaimu, muda mwingine kwa miezi mingi, na mtu anayekaimu hathubutu kuamua jambo, kwa hiyo walio chini yake wanakaa wakisubiri. Halafu tunashangaa watumishi wenye kazi za uhakika wakishinda wamefungua biashara ya viatu mtandaoni saa tano asubuhi.

Upande wa pili, fedha za kuwawezesha vijana zingekwenda mbali zaidi kama sehemu yake ingetumika kuwadhibiti wale wanaowaongoza waliojiajiri. Chukua bodaboda, kwa kuwa ndiko waliko vijana wengi. Mkataba wa pikipiki ungeweza kuandikwa nakala tatu, moja ibaki ofisi ya serikali ya mtaa, ukieleza hesabu ya kila siku, nini kinatokea dereva akiugua au pikipiki ikikamatwa, na ni kiasi gani anarudishiwa tajiri akiichukua kabla ya muda. Wenyeviti wa mitaa tayari wanashuhudia mauzo ya viwanja na mikataba ya kupanga nyumba kwa utaratibu kama huo. Gharama yake ni karatasi na muhuri. Kati ya wale 135,027 walioomba TRA, zaidi ya 133,000 hawakuwa na nafasi ya kuipata kazi ile hata wangekuwa hodari kiasi gani. Wako mtaani sasa hivi, na baadhi yao jioni hii watapeleka hesabu kwa mtu ambaye hawana karatasi yoyote ya kumshikia.